Namna ya Kuandika Maisha ya Malkia Mjane Aliyekaimu Kiti: Mfano wa Labotsibeni wa Eswatini

Mtu anayetaka kuandika maisha ya mjane wa kifalme aliyetawala kwa niaba ya mtoto huanza, karibu kila mara, na kifo cha mfalme. Kuna kilio, kuna mtoto asiyejua linalotokea, kuna baba wadogo wanaokitazama kiti kwa jicho la tamaa, na kuna mama anayejifunga kibwebwe. Mwanzo wa namna hiyo unavutia, lakini unampotosha mwandishi, kwa sababu unamfanya mjane aonekane kuwa mtu aliyeangukiwa na mamlaka kwa bahati, na baada ya hapo kila alichokitenda kitasomwa ama kama ushujaa ama kama uroho. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine: anza na siku aliyokabidhi madaraka, orodhesha vyote vilivyokabidhiwa, kisha rudi nyuma ukiuliza kila kimoja kilipatikanaje na ni nani aliyekilipia. Mfalme anaweza kupimwa kwa vita, kwa majengo au kwa wingi wa watoto, lakini kaimu, mfano wa mweka hazina anayekabidhi daftari, anapimwa kwa kile alichokikuta na kile alichokiacha.

Mfano utakaotumika hapa ni Labotsibeni Mdluli, aliyeshika nchi ya Eswatini, iliyokuwa ikiitwa Swaziland hadi 2018, kuanzia Desemba 1899 hadi Desemba 1921. Nimemchagua kwa sababu habari zake zinapatikana katika kumbukumbu za pande zote mbili, za watu wake na za Waingereza waliokuwa wakibishana naye, na kwa sababu baadhi ya watu aliopambana nao walikuja baadaye kuacha alama zao katika Afrika Mashariki.

Anza na siku ya makabidhiano

Tarehe 22 Desemba 1921, Labotsibeni alimkabidhi madaraka mjukuu wake, Sobhuza wa Pili, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Katika maneno yake ya siku hizo alimtambulisha kijana huyo kwa serikali ya Waingereza na kuwakumbusha miaka mirefu ambayo yeye mwenyewe aliishika nchi. Chukua karatasi na uandike vitu vilivyobadilisha mikono siku hiyo. Kuna kijana aliyesoma, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wafalme wa kusini mwa Afrika wa wakati huo. Kuna ardhi, lakini ni pungufu mno kuliko ile aliyoitawala babu wa kijana. Kuna mashamba yaliyonunuliwa kwa fedha taslimu kutoka kwa wazungu. Kuna madai ya kisheria ambayo hayakuwa yamefika mwisho. Kuna baraza la wakuu ambalo halikupasuka kwa muda wa miaka 22. Na kuna nafasi ya Indlovukazi, yaani mama wa mfalme, ambayo ilikuwa sasa ni haki ya Lomawa Ndwandwe, mama mzazi wa Sobhuza, aliyekuwa ameishi muda wote huo chini ya kivuli cha mama mkwe wake.

Orodha hiyo ndiyo mpangilio wa kitabu chako. Kila kitu kilichomo kinahitaji sura yake, ingawa sura hizo hazitalingana kwa urefu. Kwa Labotsibeni, ardhi itakula nusu ya kazi yote, na mwandishi asilazimishe usawa ambao maisha yenyewe hayakuwa nao.

Thibitisha alitawala kwa haki gani, na tangu siku gani

Kosa la kwanza la kujihadhari nalo ni kudhani kwamba ujane na ukaimu huanza siku moja. Emma wa Uholanzi aliapishwa kuwa kaimu tarehe 20 Novemba 1890, wakati mumewe, Willem wa Tatu, alikuwa bado anapumua. Mfalme huyo alifariki siku tatu baadaye. Sheria ya kumpa Emma nafasi hiyo ilikuwa imepitishwa tangu 1884, mara tu ilipoonekana kwamba warithi wa kiume wamekwisha na aliyebaki ni binti mdogo, Wilhelmina. Nchini Hispania, María Cristina alifiwa na Alfonso wa Kumi na Mbili mnamo Novemba 1885 akiwa mjamzito, na taji likakaa likingoja hadi Mei 1886 alipojifungua mtoto wa kiume. Katika kipindi hicho mjane alikuwa anatawala kwa niaba ya mtu ambaye hajazaliwa wala hajajulikana kuwa ni wa kiume au wa kike. Wanawake hao wawili walikuwa na katiba na bunge vya kuegemea, na mwandishi wa maisha yao anaweza kufungua sheria na kusoma mipaka ya mamlaka yao.

Kwa Labotsibeni hakuna karatasi ya namna hiyo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu na yenye faida zaidi. Mumewe, mfalme Mbandzeni, alifariki Oktoba 1889, lakini aliyeshika nchi baada ya kifo hicho hakuwa Labotsibeni. Alikuwa Tibati Nkambule, ambaye tayari alikuwa na cheo cha mama wa mfalme katika utawala wa Mbandzeni. Labotsibeni alipanda cheo pale mwanawe, Bhunu, alipochaguliwa na kutawazwa katikati ya miaka ya 1890, naye akawa Indlovukazi. Katika desturi ya Waswazi mfalme na mama yake hutawala pamoja: mama ana makazi yake, ana baraza lake, ana mambo ya ibada ambayo mfalme hawezi kuyatenda bila yeye, na elimu ya mvua inahusishwa sana na kiti chake. Kwa hiyo Bhunu alipofariki Desemba 1899, Labotsibeni hakuitwa kutoka jikoni kuja kushika nchi. Alikuwa mtawala tayari, na nusu ya pili ya utawala ndiyo iliyomwangukia.

Eleza pia utata wa uteuzi wake wenyewe. Waswazi husema kwamba mfalme ni mfalme kwa mama yake, na walipendelea mrithi asiye na ndugu wa kiume wa tumbo moja, ili kiti kisigombaniwe na watu walionyonya ziwa moja. Labotsibeni alikuwa na wana wengine baada ya Bhunu, akiwemo mwanamfalme Malunge, na kwa kipimo hicho alipaswa kuachwa. Hakuachwa, na maelezo yanayotolewa ni kwamba wazee waliutazama uwezo wake. Alikuwa amelelewa katika mazingira ya ikulu baada ya kufiwa na baba, karibu na wanawake wakubwa wa utawala wa Mswati wa Pili, baba wa Mbandzeni, na alizijua siasa za nyumba ya kifalme kabla hajaolewa. Mwandishi asiipite habari hii haraka haraka. Inaonyesha kwamba mwanamke huyu alichaguliwa, na waliomchagua walikuwa wamekubali kuvunja kanuni yao.

Mtafute mtoto

Sobhuza, mwana wa Bhunu, ambaye jina lake la utotoni lilikuwa Nkhotfotjeni, alizaliwa Julai 1899; baba yake alipofariki hakuwa ametimiza nusu mwaka. Katika maisha ya kaimu yeyote, uliza maswali ya kawaida kabisa kuhusu mtoto: alilala wapi, nani alimlisha, nani alimfundisha, na nani alikatazwa kumkaribia. Majibu yatakuonyesha siasa ya nchi vizuri kuliko hotuba. Emma wa Uholanzi alimzungusha binti yake mkoa kwa mkoa ili wananchi wamzoee. Labotsibeni alifanya kinyume: mtoto alifichwa machoni pa wengi na kulindwa kwa dawa na kwa watu, kwa kuwa mrithi mchanga wa pekee ni roho moja tu iliyosimama kati ya utulivu na vita vya ndugu.

Kisha alifanya jambo ambalo washauri wake wa kimila hawakulipokea wote kwa furaha. Mwaka 1906 shule ilifunguliwa Zombodze, karibu na makazi yake, ili mrithi na vijana wenzake wafundishwe kusoma na kuandika, na baadaye kijana akapelekwa Lovedale, katika Cape, shule ya kimisheni iliyokuwa inasomesha watoto wa Kiafrika kutoka pande nyingi za kusini. Labotsibeni mwenyewe hakujua kusoma. Alikuwa amekaa miaka mingi akisikiliza barua zikifasiriwa, na alikuwa ameona mumewe akitia alama kwenye hati ambazo maana yake ilikuja kujulikana baadaye, wakati maji yamekwisha kumwagika. Usiandike kwamba alikuwa mpenzi wa elimu ya kisasa, maneno ambayo wasifu mwingi wa malkia huyatumia bila kufikiri. Andika kwamba alitaka mfalme atakayesoma hati mwenyewe.

Ardhi, na fedha za kuirudisha

Hapa mwandishi atue mzigo na akae. Katika miaka ya 1880 Mbandzeni alitoa vibali vya ardhi, malisho na madini kwa wazungu, Makaburu na Waingereza, kwa wingi wa ajabu. Eneo lile lile lilitolewa kwa mtu mmoja kwa ajili ya malisho, kwa mwingine kwa ajili ya madini yaliyo chini yake, na viliuzwa hata vibali vya biashara na vya ukusanyaji wa mapato, mpaka ikafika kwamba mapato ya mfalme mwenyewe yaliwekwa chini ya kibali. Mfalme huyo alidhani anakodisha, na wenzake walidhani wamenunua. Ubishi juu ya dhana hizo mbili ndio ulioujaza ukaimu wote wa mjane wake.

Fuata mfululizo wa matukio kwa uangalifu. Mwishoni mwa 1894 Waingereza na serikali ya Makaburu ya Transvaal walikubaliana kwamba nchi iwe chini ya Transvaal, na ujumbe wa Waswazi uliokwenda London kupinga jambo hilo haukufanikiwa. Vita vya Waingereza na Makaburu vilianza Oktoba 1899, miezi miwili tu kabla ya Bhunu kufariki, na watumishi wa serikali ya Makaburu wakaondoka. Ni katika mwanya huo, nchi ikiwa haina bwana wa kigeni anayejulikana na majeshi mawili yakipigana kuizunguka, ndipo Labotsibeni alipoanza kazi, akisaidiwa na mwanamfalme Logcogco na baraza. Waingereza waliposhinda walichukua nchi, na mnamo 1907 wakatoa tangazo kwamba theluthi moja ya ardhi itengwe kwa Waswazi na theluthi mbili zibaki kwa wenye vibali na kwa Serikali ya Uingereza. Aliyetumwa kuchora mipaka alikuwa George Grey, aliyekwisha kufanya kazi ya kutafuta madini Katanga. Kufikia 1909 theluthi hiyo ilikuwa imekatwa vipande vipande, na wananchi waliojikuta ndani ya mashamba ya wazungu wakapewa miaka mitano, hadi katikati ya 1914, wakubaliane na wenye mashamba au wahame.

Grey alifariki Nairobi mwaka 1911 baada ya kujeruhiwa na simba. Mwingine aliyehusika zaidi, Robert Coryndon, Kamishna Mkazi, yaani mkuu wa utawala wa Waingereza, wa Swaziland kuanzia 1907 hadi 1916, alikuja kuwa gavana wa Uganda na kisha wa Kenya, akafariki Nairobi mwaka 1925, na jumba la makumbusho la Nairobi likabeba jina lake kwa miongo kadhaa. Msomaji wa Kenya anayezikumbuka hadithi za maeneo yaliyotengwa kwa Waafrika atazielewa haraka barua za Coryndon kwa Labotsibeni. Ni mkono ule ule.

Sasa uliza kaimu alikuwa na silaha gani. Jeshi halikuwa na nafasi mbele ya bunduki za Waingereza. Alituma ujumbe London mwishoni mwa 1907, ukiongozwa na Malunge. Ulirudi na ahadi kidogo, mojawapo ikiwa kwamba Waswazi wangeweza kununua ardhi. Akalishika neno hilo. Alianzisha mfuko wa taifa wa kununua mashamba, na fedha zake zilitoka kwa wanaume waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya Transvaal, ambao walitozwa mchango kutokana na mishahara yao. Mwandishi anayempenda shujaa wake atataka kusimulia habari hii kama ushindi, na kwa sehemu ni ushindi, kwa sababu mashamba yalirudi. Lakini ni lazima iandikwe kwa ukamilifu: watu waliokuwa wamepoteza ardhi waliinunua tena kwa jasho la chini ya ardhi ya wengine, mchango huo uliwaangukia juu ya kodi ya serikali, na wenye migodi walinufaika na wingi wa vijana waliohitaji fedha haraka. Malkia aliwahimiza waende. Kwa maoni yangu hakuwa na njia bora, lakini msomaji apewe vifaa vya kuamua mwenyewe, na jina la mchangaji aliyefia mgodini, likipatikana, lina haki ya kukaa katika ukurasa ule ule na jina la malkia.

Katika sura hiyo hiyo weka habari ya gazeti la Abantu-Batho, lililoanzishwa Johannesburg mwaka 1912 na mwanasheria Pixley ka Isaka Seme, mmoja wa waasisi wa chama cha Waafrika wa Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC. Fedha za kulianzisha zilitoka kwa Labotsibeni. Mwanamke asiyesoma, katika nchi ndogo ya milima, alilipia gazeti la Waafrika katika mji wa dhahabu. Na hili litaonekana kuwa la ajabu tu kwa asiyekumbuka kwamba wachangaji wake walikuwa huko Johannesburg, na kwamba Sheria ya Muungano wa Afrika Kusini ya 1909 iliacha mlango wazi wa Swaziland kuingizwa katika Muungano huo. Alihitaji marafiki upande wa pili wa mpaka.

Namna ya kusoma nyaraka zake

Kumbukumbu za maandishi ziko zaidi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Eswatini huko Lobamba, katika hifadhi ya Kew mjini London, na katika hifadhi ya Pretoria. Kabla ya kuzigusa, tengeneza orodha ya majina na tahajia zake zote. Mbandzeni huandikwa Umbandine katika karatasi za kizamani, Bhunu huandikwa Bunu na pia hujulikana kwa jina la kifalme la Ngwane wa Tano, na Labotsibeni mwenyewe hukumbukwa na watu wake kwa jina la Gwamile. Angalia pia vyeo. Waingereza hawakutaka kumwita mtu mweusi mfalme, hivyo mwenye kiti alipunguzwa kuwa mtemi mkuu, na bibi yake kuwa kaimu wa mtemi. Mwandishi anayenakili vyeo hivyo bila kuvieleza anaendeleza hoja ya upande mmoja wa ugomvi.

Barua za Labotsibeni zilisemwa kwa siSwati, zikafasiriwa, zikaandikwa na makatibu, na mara nyingine zikanyooshwa na wanasheria. Sauti yake imo, lakini imepita mikono mitatu. Njia moja ya kuitambua ni kulinganisha barua za makatibu mbalimbali na kutafuta hoja zinazojirudia wakati lugha imebadilika: kwamba Mbandzeni hakuwahi kuuza nchi, kwamba mtoto hajakua na hivyo yeye hawezi kukubali jambo litakalomfunga. Hoja hii ya pili ni ya kuitazama vizuri. Kila alipobanwa atie saini jambo zito, kaimu alikuwa na jibu ambalo mfalme hana, yaani kwamba mali si yake. Udhaifu wa nafasi yake ukawa ngao. Waingereza waliliona hilo na liliwaudhi, na ndiyo maana maofisa waliandika juu yake kwa mchanganyiko wa heshima na hasira. Unapokutana na ofisa anayemwita mkaidi, tazama tarehe ya barua, kisha tafuta ni pendekezo gani lilikataliwa wiki hiyo.

Kwa mahojiano ya mdomo, usiende na orodha ya miaka. Wazee wa Eswatini wanayakumbuka mambo kwa makazi ya kifalme, kwa sherehe za Incwala, ibada ya kila mwaka ya ufalme, na kwa majina ya vikosi vya rika, na swali la "mwaka gani" litakupa jibu la kukufurahisha tu. Msalimie mama mzee kwa Make na baba mzee kwa Babe, na mtu wa ukoo wa Dlamini umpe Nkhosi, kwa sababu mgeni asiyejua hilo atapewa simulizi fupi. Sifa za kifalme zinazotambwa hadharani ni hazina, ila zisichukuliwe kama ripoti. Zinakwambia watu walitaka kumkumbuka vipi. Tuhuma za uchawi na dawa, ambazo maofisa waliziandika kwa dharau, nazo zisifutwe. Mtawala anayeaminika kuijua mvua ana nguvu juu ya watu wasio na hofu ya askari, na mwandishi anayeona haya kuliandika jambo hilo ataacha nusu ya mamlaka ya malkia bila maelezo.

Mpime kwa mjane mwingine wa wakati wake

Ili usimfanye mtu wako kuwa malaika, mweke kando ya mwingine. Wa karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni Kanjogera wa Rwanda. Mumewe, Kigeli wa Nne Rwabugiri, alifariki 1895 na kumwachia kiti Rutarindwa, ambaye hakuwa mtoto wa Kanjogera, ingawa Kanjogera ndiye aliyepewa nafasi ya mama wa mfalme. Mwaka 1896, huko Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake, Kabare akiwa mbele, walimpindua Rutarindwa, naye akafia katika moto; kijana Musinga, mwana wa Kanjogera, akatawazwa, na mama na wajomba wakashika nchi. Wajerumani walipofika, waliukuta utawala huo unaohitaji rafiki mwenye bunduki.

Wajane hawa wawili walitawala miaka ile ile, chini ya wakoloni, kwa cheo kinachofanana. Tofauti kubwa ni kwamba maisha ya Kanjogera hayana siku ya makabidhiano. Musinga alikua, akawa mtu mzima, na bado mama alibaki ndani ya maamuzi, mpaka Wabelgiji walipomwondoa mfalme mwaka 1931 na kumpeleka uhamishoni Kamembe. Kwa hiyo njia ya kuanza na makabidhiano haitafaa kwake, na mwandishi wake aanzie Rucunshu na kuuliza deni la damu lile lililipwaje kwa miaka 35. Usiligeuze hili kuwa hukumu ya tabia za wanawake wawili. Labotsibeni alikuwa na baraza lililomchagua na mjukuu ambaye hakuna aliyepinga haki yake. Kanjogera alikuwa na kiti kilichonyang'anywa, na aliyekinyang'anya hawezi kukiachia bila kuhofia kisasi.

Buganda nayo inafaa kutajwa kwa aya moja. Daudi Chwa alipotawazwa mwaka 1897 akiwa mtoto wa mwaka mmoja, ukaimu ulipewa wanaume watatu wakiongozwa na Apolo Kagwa, na makubaliano ya 1900 na Waingereza, yaliyogawa ardhi ya nchi hiyo, yalitiwa saini na makaimu hao, ambao wao wenyewe walipata mashamba makubwa. Linganisha na mjane aliyejibu kwamba hawezi kumfunga mtoto.

Mahali pa kumalizia

Waandishi wengi watataka kumaliza kwa kifo cha Labotsibeni mwaka 1925. Ningeshauri wasifanye hivyo, wala wasiishie na sherehe za 1921. Mara baada ya kukabidhiwa, Sobhuza alisafiri kwenda London, akiwa na Seme kati ya washauri wake, kudai ardhi kwa hoja zile zile ambazo bibi yake alikuwa amezirudia tangu siku za Malunge, ambaye alifariki 1915 bila kuona mwisho wake. Aliporudi bila jibu la kuridhisha, shauri lilipelekwa mahakamani dhidi ya Miller, mmoja wa wenye vibali wakubwa, na rufaa ikafika Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza. Mwaka 1926 Baraza hilo lilitamka kwamba amri za Mfalme wa Uingereza juu ya nchi iliyo chini ya ulinzi wake haziwezi kupingwa mahakamani kwa sababu ya ahadi zilizotangulia. Labotsibeni alikuwa amekwisha kufariki, lakini shauri lilikuwa lake: hoja alizitunga yeye, kijana aliyezisimamia alimsomesha yeye, na fedha za taifa zilizowezesha safari ziliwekewa msingi katika ukaimu wake. Sura ya mwisho iwe hukumu hiyo, ikifuatiwa na orodha ya mashamba ambayo mfuko wa taifa uliendelea kuyanunua, kila moja na bei yake kama ilivyo katika daftari.